Telekomandi ya geti inakataa? Kabla ya kununua ingine, tafuta antena iko wapi

Wenye mageti ya mota katika mji wa Goma wanaijua shida hii. Siku geti ilipowekwa, telekomandi ilikuwa inafanya kazi toka mbali, gari ikiwa bado barabarani. Miezi inapita, na sasa dereva anapaswa kufika karibu kabisa, anashusha kioo, ananyoosha mkono, anafinya mara tano, mara sita. Mwishoni anapiga honi, santineli anakuja kufungua kwa mkono.

Mchana, hayo ni usumbufu tu. Usiku ni habari ingine. Katika Himbi, Katindo, Keshero ao Ndosho, gari yenye kusimama mbele ya geti wakati wa giza, taa zikiwaka na honi ikilia, inajulisha avenie nzima kwamba kuna mtu ambaye amefika na hawezi kuingia. Wezi wa usiku hawahitaji habari zaidi ya hiyo. Na mwenye kuwa katika hatari ya kwanza si tajiri ambaye analala ndani, ni dereva na santineli ambao wako inje.

Kitu ambacho watu wengi wanafanya ni kununua betri mpya. Ikikataa tena, wanaenda sokoni kununua telekomandi mpya. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi pesa inaenda bure, kwa sababu telekomandi ilikuwa nzima tangu mwanzo, na ugonjwa uko kwenye sanduku la mota, ambako hakuna mtu aliyefungua kuangalia.

Telekomandi ya geti ni redio ndogo

Kuna telekomandi za namna mbili, na watu wanazichanganya. Ile ya televizyo ao ya dekoda inatuma mwangaza ambao jicho halioni. Mwangaza huo haupiti ukuta, haupiti hata kitambaa kizito, ndiyo maana unapaswa kuielekeza kwa televizyo. Kuipima ni rahisi: fungua kamera ya simu, elekeza ncha ya telekomandi kwenye kamera, finya kitufe. Ukiona nukta inawaka kwenye kioo cha simu, telekomandi inatuma. Simu zingine zinazuia mwangaza huo kwenye kamera ya nyuma, basi jaribu na ile ya mbele. Kama haiwaki, ni betri, ama vitufe vimechakaa, ama maji ya chai yaliingia. Hiyo imekwisha.

Telekomandi ya geti, ufunguo wa gari wenye vitufe na alarme ya moto ni kitu kingine. Hizo zinatuma mawimbi ya redio, ndugu ya mawimbi yale yale ambayo yanaleta habari na muziki nyumbani. Tofauti ni mahali pake na nguvu yake. Redio za FM ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Telekomandi nyingi za geti zinazouzwa huku ziko kwenye megahezi 433.92. Na nguvu yake ni kidogo sana. Katika Ulaya, sheria inaruhusu vyombo vya namna hiyo kwenye masafa hayo nguvu ya miliwati 10. Taa ya LED ya wati 5 inakula mara 500 zaidi ya hapo.

Kwa hiyo telekomandi haipigi kelele, inanong'ona. Na mnong'ono una sheria yake: ukizidisha umbali mara mbili, kile kinachofika si nusu, ni robo tu. Ndiyo sababu hatua kumi za ziada zinatosha kuharibu kila kitu, na ndiyo sababu pia kosa dogo kwenye antena linaonekana haraka.

Betri kwanza, lakini kwa akili

Betri inabaki mwanzo mzuri kwa sababu ni bei rahisi. Telekomandi za geti nyingi zinatumia kidonge cha volti 3 kinachoandikwa CR2032, ama kale kabetri kafupi ka volti 12 kanachoandikwa 23A ao 27A. Usidanganywe na taa ndogo nyekundu ya telekomandi. Taa hiyo inaweza kuwaka hata kama betri haina tena nguvu ya kusukuma mawimbi. Fundi akipima betri ikiwa peke yake, inaweza kuonyesha volti karibu zote. Kitufe kikifinywa, volti zinaanguka. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kupima huku kitufe kimefinywa.

Angalia pia vile vyuma viwili ambavyo vinagusa betri. Goma ina unyevu wa ziwa, tena ina moshi wa Nyiragongo ambao unafanya mvua kuwa na asidi. Wale wa upande wa Rusayo wanajua namna mabati yao yanavyotoboka upesi. Chuma chembamba ndani ya telekomandi hakiwezi kupona mahali ambapo bati linaoza. Ukikuta rangi ya kijani ao nyeupe, sugua pole pole na pamba yenye alkoli, kisha kunja kidogo kile chuma ili kishike betri vizuri.

Neno moja kwa wazazi kabla ya kuendelea. Vile vidonge vya betri, vipya ao vya zamani, havipaswi kuachwa mezani. Mtoto akimeza kimoja na kikakwama kooni, kinaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Hapo hakuna dawa ya kienyeji wala kungoja asubuhi, ni hospitali mara moja.

Sasa tufungue sanduku la mota

Hapa ndipo ugonjwa unapatikana mara nyingi. Ndani ya sanduku la mota, ao kwenye ukuta karibu yake, kuna kibao cha elektroniki ambacho kinapokea mawimbi. Kwenye kibao hicho kuna waya mmoja ambao unaonekana kama hauna kazi: mwisho wake haujafungwa kwa kitu chochote. Fundi ambaye hajui anafikiri ni waya wa ziada. Anauzungusha, anaukunja, anausukuma nyuma ya transfoma ili kifuniko kifunge vizuri. Fundi mwingine anaukata kabisa.

Waya huo ndio antena. Ndio sikio la geti.

Urefu wake haukuchaguliwa ovyo. Mawimbi ya megahezi 433 yana urefu wa karibu sentimita 69, na antena rahisi inapaswa kuwa robo ya hapo, maana yake sentimita 17 hivi. Kama waya umekatwa ukabaki sentimita 5, sikio limezibwa nusu. Na kuuongeza mpaka mita mbili, kama wengine wanavyofanya kwa kuamini kwamba mrefu ndio mzuri, hakusaidii. Kunaweza kuharibu zaidi. Unapaswa kuwa sentimita 17, umenyooka, mbali na nyaya zingine, na hasa mbali na chuma.

Hilo la chuma ndilo linasumbua Goma. Watu wengi wanafikiri ukuta wa mawe ya lava ndio unazuia mawimbi. Ukuta wa mawe unapunguza kidogo, ndiyo, lakini adui mkubwa ni bati, geti lenyewe la chuma, na lile sanduku la chuma ambalo santineli ama mwenye nyumba alitengenezesha kwa mlehemishaji ili kulinda mota na wezi na mvua. Sanduku la namna hiyo linalinda mota vizuri sana. Linailinda mpaka na telekomandi. Kama tangu siku sanduku liliwekwa telekomandi ilianza kudhoofika, usitafute mbali.

Katika Ulaya na Marekani kuna watu wazima ambao wanapenda kuchezesha treni ndogo za mfano, reli zikiwa zimepangwa juu ya meza. Wengine siku hizi wanaweka betri na kipokeaji cha redio ndani ya kichwa cha treni chenyewe, wanaiendesha kwa telekomandi. Wanakutana na shida hii hii kabisa: kichwa cha treni kimetengenezwa kwa chuma, antena iko ndani, treni haisikii amri, inasimama katikati ya njia. Hawanunui telekomandi yenye nguvu zaidi. Wanapitisha antena mpaka mahali pa plastiki, kwenye paa ama kwenye behewa la nyuma, na treni inasikia. Geti ya parseli ni kubwa kuliko treni ya mezani, lakini mawimbi hayajui tofauti.

Basi kwa geti dawa ni ile ile. Kama kuna sanduku la chuma, toboa tundu dogo, weka mpira ili waya usikwaruzike, toa antena inje na uiweke ndani ya kipande cha tuyo ya plastiki kilichosimama wima. Kazi ya nusu saa, na waya wenyewe hauna bei.

Kama mota iko chini sana, ama nyuma ya nguzo, inafaa antena ya inje ambayo inafungwa juu ya ukuta. Zile taa za rangi ya machungwa ambazo zinawaka-waka geti ikifunguka, nyingi kati yake zina antena ndani tayari, lakini fundi hakuiunganisha. Kuiunganisha kunahitaji kebo ya antena, ile ya mviringo kama ya televizyo, si waya wa taa. Waya wa katikati unaenda mahali palipoandikwa ANT, na zile nyuzi za kuzunguka zinaenda kwenye GND. Nyuzi moja tu ikigusa waya wa katikati, antena imekufa, na utarudi kulaumu betri.

Kelele inayotoka nyumbani mwenu

Inawezekana antena ni nzuri, betri ni nzuri, na geti bado inakataa, hasa usiku. Mchana inafanya kazi, jioni inagoma. Hapo tafuta kelele.

Mtu akinong'ona katika chumba chenye utulivu, unamusikia. Akinong'ona sokoni Virunga saa nne za asubuhi, humusikii, hata kama masikio yako ni mazima. Kelele ya redio inatoka kwa vyombo vya bei rahisi: taa za LED zisizo na kichujio ndani, chaja za simu, chombo cha kugeuza kuran ya batri kuwa ya volti 220, regulatere ya sola, chaja ya kamera ya ulinzi. Goma imejaa vyombo hivyo kwa sababu kila nyumba inachanganya kuran: kuna wenye SNEL, kuna wenye Virunga Energies, kuna wenye Nuru upande wa Ndosho, na karibu kila mtu ana kasola kake na batri kwa ajili ya siku ambazo kuran inakatika. Si vibaya. Lakini vikiwekwa kando ya kibao cha geti, vinaziba mnong'ono wa telekomandi. Kosa la kawaida ni taa ya LED inayofungwa juu ya mota yenyewe ili kuangaza mlango. Jioni taa inawashwa, na geti inakuwa kiziwi.

Kuipata hakuhitaji chombo cha bei kali. Zima kila kitu kwenye geti, acha mota peke yake. Simama mbele, finya, rudi nyuma hatua tano, finya tena, mpaka ukute mahali inapoacha kusikia. Hesabu hatua na uandike. Kisha washa kitu kimoja, pima tena. Washa kingine, pima tena. Siku hatua zinaanguka toka 30 mpaka 8, umemukamata mwenye kosa. Ukiwa na redio ndogo ya zamani yenye masafa ya kati, ile ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni na tembea nayo karibu na vyombo. Pale inapokwaruza sana, chombo hicho ndicho kinachopiga kelele. Kukisogeza mita mbili ao tatu mara nyingi kunatosha.

Kuna tena kisa ambacho kinashangaza watu: siku moja telekomandi zote za eneo zinagoma pamoja, geti ya huyu, gari ya yule, alarme ya jirani. Watu wanaanza kuongea uchawi. Chanzo kinaweza kuwa telekomandi moja tu iliyosahauliwa ndani ya mtoto wa meza, kitufe kimefinywa na kitabu, ama kengele ya mlango isiyo na waya iliyoingia maji. Inatuma bila kupumzika kwenye megahezi zile zile 433, na inaziba njia kwa wote. Inakoma siku betri yake inaisha.

Kama bado unataka kununua telekomandi mpya

Kwanza soma masafa nyuma ya ile ya zamani. Telekomandi ya 433 haitafungua kamwe kibao cha 315, hata ukiigusisha. Hiyo inawasumbua sana wenye magari ya mitumba toka Japani, kwa sababu huko funguo za magari ziko karibu na megahezi 315, na sokoni utauziwa ufunguo wa 433 wenye sura moja kabisa na ule wako. Ni ile ile hadithi ya redio za magari ya Japani, ambazo nyingi zinaishia kwenye 90 na haziwezi kushika stesheni za juu: si kwamba zimeharibika, zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ingine.

Pili, uliza kama geti yako inatumia namba isiyobadilika ao namba inayobadilika kila mara unapofinya. Zile telekomandi za bei rahisi za kukopi, zenye vitufe vinne, zinaiga namba isiyobadilika katika sekunde chache. Maana yake ni kwamba mtu yeyote aliyeshika telekomandi yako kwa muda wa kufunga kamba za viatu anaweza kuwa nayo mfukoni. Aliyeosha gari, fundi aliyekuja mara moja, mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila kulipwa. Kama geti yako iko namna hiyo, kubadilisha kibao cha kupokea ni pesa nzuri kuliko kununua telekomandi ya tano. Na hata kwenye vibao vya namba inayobadilika, telekomandi iliyopotea inapaswa kufutwa kwenye kibao siku ile ile. Karatasi ya mota inaeleza vitufe vya kufinya.

Kazi ya ndani ya sanduku inafanywa kuran ikiwa imekatwa kwanza. Mota nyingi zinaingia volti 220, na kondensateri yake inaweza kukupiga hata baada ya kukata. Kama hujui, ita fundi, lakini simama naye na umuonyeshe antena.

Ufunguo ambao hakuna mtu anajua uko wapi

Hata telekomandi nzuri kuliko zote haifungui geti kama hakuna kuran na batri ya akiba imekufa. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka jioni, kuran ilikatika katika sehemu kubwa ya mji wakati watu walikuwa wanatoka na watoto na magodoro. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, wakuu waliamuru kartie 10 kati ya 18 zihame. Mwisho wa Januari 2025 tena, wakati wa vita, mji ulikaa siku bila kuran wala maji ya robine.

Kila mota ya geti ina ufunguo mdogo wa kuiachilia, ili geti isukumwe kwa mkono. Ulikuja ndani ya karatoni pamoja na mota. Katika parseli nyingi uko kwenye kabati ya mwenye nyumba, ambaye labda yuko Bukavu ao Kinshasa, na santineli hajawahi kuuona. Santineli ndiye anapaswa kujua uko wapi, na anapaswa kuwa ameujaribu mwenyewe mara moja, mchana, kwa sababu zingine zinazungushwa upande wa kushoto, zingine zinavutwa, na kufuli likikaa miaka mitatu bila mafuta halizunguki. Tone la mafuta ya mashine ya kushona linatosha. Na geti ikisharudi kwenye mota, finya telekomandi mara moja kuhakikisha imeshika tena, maana geti iliyoachiliwa inasukumwa na mtu yeyote toka inje.